Yeye Alipewa Kijiji



Jumapili moja baada ya Misa ya pili nilikaa na vijana wa VIWAWA pale nyuma ya kanisa. Tulikuwa tumepanga kuzungumzia sala, lakini mnajua vijana wa Arusha, mazungumzo yakahamia siasa kabla hata chai haijapoa. Kijana mmoja anayefanya kazi gereji akaniuliza: "Frateri, mtu akishindwa kesi mahakamani, halafu wananchi wakampenda kuliko mwanzo mpaka wakampa uongozi, si ina maana Mungu mwenyewe ndiye amemhukumia haki?"

Wote wakacheka, maana kila mmoja alishajua mwenzake anamfikiria nani. Mwaka 2012 Mahakama Kuu hapa Arusha ilitengua ubunge wa Godbless Lema, na Desemba ya mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikamrudishia. Nilikuwa bado mtoto, lakini nakumbuka mtaani kwetu alivyozungumzwa zaidi katika ile miezi aliyokuwa hana kiti kuliko alipokuwa nacho. Sitaingia zaidi humo, sitaki tugawanyike kwa vyama. Nataka swali lenyewe.

Nilimjibu yule kijana harakaharaka: "Ndiyo, mara nyingi Mungu hufanya hivyo." Wakapiga makofi, nami nikajiona nimejibu vizuri. Ila nikiwa kwenye daladala kurudi nyumbani jibu lile likaanza kunikereketa. Nimesoma falsafa miaka mitatu, na nilikuwa nimejibu kama mtu anayetaka kupigiwa makofi tu. Halafu nikamkumbuka ba'mdogo.

Kuhusu ba'mdogo nitawaeleza baadaye. Kwanza tupande mlimani.

Ukiiacha barabara ya Moshi pale Usa River, ukapanda kupita Hifadhi ya Taifa ya Arusha, unashukia upande wa pili wa Mlima Meru, upande mkavu, hadi Ngarenanyuki. Siku hizi ukifika huko unakutana na mifereji na mashamba ya nyanya. Lakini Novemba 1951, wakati vitabu bado vinapaandika Engare Nanyuki, serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kwa nguvu. Nyumba zilichomwa na watu wakapelekwa Kingori, ili eneo lile liwe mashamba ya mifugo ya Wazungu. Mpango huo ulitokana na mapendekezo ya tume ya Jaji Mark Wilson, iliyotaka ardhi ya Wazungu na ya Waafrika kati ya Arusha na Moshi ipangwe upya, kila upande ukae peke yake.

Wameru walifanya jambo ambalo wakati ule lilikuwa geni. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida, ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na wananchi wake walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko huko. Basi wakachanga fedha na kumtuma kijana wao Kirilo Japhet kwenda New York. Wakili wao, Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, naye akasimama kuwatetea. Ilikuwa mwaka 1952. Jaribu kuwaza mkulima wa mlimani anachangia nauli ya mtu kwenda kusemea migomba yake mbele ya mataifa ya dunia.

Wakashindwa.

Umoja wa Mataifa si mahakama hasa, lakini kwa Wameru lilikuwa baraza la mwisho, hapakuwa na mahali pengine pa kukata rufaa. Baraza la Udhamini lilisikiliza na kusikitika, bila kuamuru ardhi irudishwe. Baadaye kamati ya Baraza Kuu ilikubali azimio la kuwaunga mkono, lakini lilipofika kwenye Baraza Kuu lenyewe, kura hazikufika theluthi mbili zinazotakiwa. Kirilo akarudi nyumbani bila shamba hata moja.

Hata hivyo, safari ile iliyoshindwa ikawa moja ya mbegu za uhuru wa nchi hii. Kirilo alipita sehemu mbalimbali za Tanganyika akieleza yaliyotokea. Watu wa mbali, ambao hawajawahi kuuona Mlima Meru, walijifunza mambo mawili: kwamba yaliyowapata Wameru yangeweza kuwapata hata wao, na kwamba Mwafrika anaweza kusimama mbele ya dunia na kumshitaki mtawala wake. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikaanzishwa. Machi 1955 Julius Nyerere naye akaenda New York kusimama mbele ya Baraza la Udhamini, kwenye njia ambayo Kirilo alikuwa ameshaipita.

Hapo tunaona namna jambo hili linavyofanya kazi. Baraza la sheria linauliza kama kanuni inaruhusu, kama ushahidi upo, kama kura zimetosha. Wananchi wanauliza swali jingine: nani ameumizwa, na je, kesho ni zamu yangu? Ukishindwa kwenye swali la kwanza, unaweza kushinda kwenye la pili kwa sababu hiyohiyo ya kushindwa. Kesi inakupa jukwaa, inakulazimisha kupanga maneno yako, inakuletea wasikilizaji, na hukumu inawapa watu sababu ya kukuhurumia. Yule anayekushinda anakuwa amekutangaza bila kutaka.

Nikiishia hapo, yule kijana wa gereji amepatia na mimi nilijibu sawa. Lakini ngoja kwanza.

Mfano wa pili, wengi wenu mnamfahamu. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishitakiwa Dar es Salaam kwa kashfa, kutokana na maandishi ndani ya *Sauti ya TANU* yaliyowasema wakuu wa wilaya wawili wa kikoloni. Alitetewa na wakili mashuhuri wa Uingereza, D. N. Pritt. Agosti 1958 akapatikana na hatia, akaamriwa alipe faini ya shilingi 3,000 au aende jela miezi sita.

Kaa kidogo na uchaguzi huo, faini au jela. Jela ilikuwa na faida kubwa kisiasa, na kila mtu alishaona. Kule Ghana, Kwame Nkrumah alishinda uchaguzi wa 1951 akiwa gerezani, akatoka moja kwa moja kwenda kuongoza serikali. Kenya, Jomo Kenyatta alikuwa amehukumiwa Kapenguria mwaka 1953, na kila mwaka wa kifungo ulizidi kulikuza jina lake. Nyerere angeweza kuchukua ile miezi sita akaitumia kama ngazi.

Akalipa faini. Uchaguzi ulikuwa mwezi uliofuata, TANU ikautumia kufanya kampeni, na wagombea waliokuwa wakiungwa mkono nayo wakashinda. Kwa hiyo naye kushindwa mahakamani hakukumpunguzia kitu.

Wengine husema alikwepa. Mimi ninavyousoma uamuzi ule, naona mtu aliyekataa kuigeuza adhabu yake kuwa mchezo wa kuigiza. Kazi ilikuwa inamngoja, na jela ingeweza kuwatia watu hasira ambayo mwisho wake ungekuwa damu. Kuna jambo la pili ambalo sisi vijana huwa tunalipita: haki ya Tanganyika kujitawala haikuthibitisha kila sentensi iliyoandikwa kwenye gazeti la chama. Mtu anaweza kuwa na dai kubwa la haki kabisa na bado akawa amekosea katika jambo dogo lililompeleka kizimbani. Kulipa faini ni kukubali kwamba hayo ni mambo mawili, na kwamba ukubwa wa lile la kwanza haufuti la pili. Labda ni mojawapo ya sababu zinazonifanya nisishangae kwamba leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu.

Sasa nirudi kwa ba'mdogo.

Nilipokuwa darasa la sita alikuwa na kesi ya mpaka na jirani yake, kwenye kijiji kimoja cha miteremko ya Meru ambacho sitakitaja. Mnajua kwetu mpaka ni masale. Ukiling'oa sale la jirani usiku hujaiba jani, umeiba ardhi, na wazee wanaliogopa jambo hilo kuliko polisi. Jirani alidai masale yamesogezwa. Kesi ikaenda mbele ya wazee, halafu kwenye baraza, na ba'mdogo akashindwa. Akaamriwa arudishe hatua mbili za shamba, urefu wote wa kihamba.

Siku ile alitoka kwenye baraza ameinamisha kichwa, na mvua ilikuwa inanyesha. Mama mmoja alipomwona akaanza kulia. Jioni nyumba ilijaa watu. Jirani alikuwa na duka na pikipiki mbili, ba'mdogo alikuwa na ng'ombe mmoja. Maneno yakajipanga yenyewe: tajiri amemnunua mwenyekiti wa baraza, maskini hana mtetezi. Ba'mdogo mwenyewe hakusema hivyo hata siku moja. Alinyamaza tu, na watu wakaujaza ukimya wake. Uchaguzi wa kijiji ulipofika wakamchukulia fomu, wakampigia kampeni bila kudai hata soda. Alishinda kwa kishindo, na ni mwenyekiti mpaka leo. Tena, niseme haki yake, ni mwenyekiti mzuri: maji ya bomba yamefika, barabara inapitika masika.

Tatizo ni kwamba yale masale niliyashika mimi. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Aliniamsha alfajiri nimshikie tochi, akaniambia tunayapanda upya kwa sababu yameoza. Hayakuwa yameoza.

Nimekaa na jambo hilo miaka yote hii. Nililiungama nikiwa sekondari, na padre aliniambia kwa upole kwamba mtoto aliyeshika tochi si mwizi, ila ukikua utajua la kufanya. Nimekua, na nilichofanya ni kusoma falsafa. Baada ya lile swali la VIWAWA ndipo niliona aibu ya kweli: nilikuwa nimewaambia vijana kwamba watu wakimpenda aliyeshindwa, basi Mungu amesema. Wakati nina ushahidi mikononi mwangu kwamba si hivyo.

Wengi wape, ndivyo tunavyosema. Lakini Injili yenyewe inatutahadharisha. Asubuhi ile ya Ijumaa Kuu palikuwa na mahakama na palikuwa na umati. Pilato alikuwa na mamlaka ya kisheria, akajua hakuna kosa, akanawa mikono. Umati ulikuwa na sauti, ukamchagua Baraba. Hukumu ilipinda na kura ikapinda, asubuhi moja, kwa mtu yuleyule. Aliyekuwa na haki pale alikuwa nayo kabla Pilato hajakaa kitini, na aliendelea kuwa nayo hata mtu mmoja asipomshangilia.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anatufundisha kwamba haki ni fadhila ya kumpa kila mtu kilicho chake. Neno linalobeba uzito hapo ni "kilicho chake". Muhuri wa hakimu hautengenezi kilicho changu, ukiwa mzuri unakitambua tu. Machozi ya majirani nayo hayakitengenezi. Ardhi ya Ngarenanyuki ilikuwa ya Wameru kabla ya kura ya New York na baada yake. Hatua mbili za kihamba zilikuwa za yule jirani kabla ya baraza na baada ya uchaguzi wa kijiji. Katika kisa cha kwanza umma uliona ambacho baraza lilishindwa kukiona. Katika kisa cha pili baraza liliona, na umma ukafumbwa macho na huruma. Ukiwatazama kwa nje, Kirilo na ba'mdogo wanafanana: wote wameshindwa, wote wamepata watu. Kinachowatofautisha kiko ndani, na ndiyo maana ni jambo la dhamiri kabla ya kuwa jambo la siasa.

Kwa hiyo kijana wangu wa gereji, naomba nibadilishe jibu langu. Kushindwa mahakamani na kuinuka kisiasa hakuthibitishi kitu. Kunatupa tu nafasi ya kujiuliza maswali, na mimi nimebaki na matatu.

La kwanza: nilichokidai, kingekuwa changu hata kama ningeshindwa na hakuna aliyesikia? Kama jibu ni hapana, basi nguvu yangu yote imo kwenye hadithi, siyo kwenye haki.

La pili: faida inamwendea nani? Kirilo alikwenda kusemea nyumba zilizochomwa za watu wengi. Umaarufu alioupata ulirudi kwenye madai yaleyale, na watu walijua wazi kwamba ardhi haijarudi. Kama kushindwa kwangu kumeniinua mimi na waliodhulumiwa wamebaki palepale, nimewageuza kuwa ngazi.

La tatu ndilo linaloniuma: aliyenishinda yuko wapi sasa?

Nilikwenda kumwona yule jirani wakati wa Kwaresima. Duka lilifungwa zamani. Baada ya kesi ile watu waliacha kununua kwake, watoto wake wakatukanwa shuleni, mkubwa akahamia mjini na hajarudi. Nilimwamkia, akaitikia shikamoo yangu, akanikaribisha kiti, akauliza masomo yanaendeleaje. Nikaanza kuzungukazunguka maneno. Akanikatisha kwa upole, akasema: "Frateri, mimi nilipewa hukumu. Yeye alipewa kijiji."

Nikakosa la kusema. Miaka mitatu ya falsafa, na mzee ameimaliza kwa maneno machache. Alishinda kesi ya haki na ushindi wake ukawa adhabu, kwa sababu sisi tuliojua tulinyamaza. Nasema sisi, kwa kuwa na mimi nilijua.

Wiki ya Pasaka nilikwenda kwa ba'mdogo. Nilimkuta anakata majani ya ng'ombe. Nikamwambia nimetoka kwa jirani, na kwamba bado nayakumbuka masale. Aliendelea kukata kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Nilidhani umesahau." Nikamwambia sijasahau. Akasema hakuwahi kudanganya kwenye mkutano wowote. Ni kweli, hakudanganya. Aliacha tu tudanganyike, na aliona ni rahisi zaidi kwa sababu tulimpenda.

Tulikaa hadi giza likaingia. Sikumhubiria, maana ningehubiri nini na mimi ndiye niliyeshika tochi? Mwisho akaniuliza kitu kimoja: kama akisema ukweli, maji ya bomba yatakuwa ya uongo? Nikamwambia hapana, maji ni maji, na kazi yake njema ni njema. Ila kijiji kina deni kwa mtu mmoja, na yeye ndiye pekee anayeweza kulitaja. Akanyamaza. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika haya alifikiri siku mbili, akanitumia ujumbe: andika, ila usitaje kijiji, kijiji nitakitajia mimi mwenyewe kwenye mkutano. Mkutano huo bado. Ninamwombea, na ninaomba mmwombee.

Wapendwa, wengi wetu hatutafika Umoja wa Mataifa wala mahakamani. Lakini kila mmoja ana baraza lake dogo: uongozi wa darasa, kikao cha kwaya, ugomvi wa ukoo, kikundi cha WhatsApp cha jumuiya. Utashindwa siku moja na watu watakuja kukupa pole. Pole hiyo ni tamu. Kabla hujaipokea, jiulize kama unastahili. Kama unastahili, simama kama Wameru, usione aibu ya kushindwa, kwa maana haki haifi kwa kukosa theluthi mbili. Kama hustahili, irudishe mapema, kabla haijakuwa kiti ambacho huwezi tena kukiacha.

Na ukiwa upande wa umati, kabla hujamlilia aliyeshindwa, mpigie hodi na yule aliyeshinda. Huenda yumo ndani peke yake.

Tusali. Bwana Yesu, uliyesimama mbele ya Pilato bila kutafuta huruma ya umati, utupe moyo wa kudai kilicho chetu bila woga, na kurudisha kisicho chetu bila kungoja kuamriwa. Utusamehe ukimya wetu. Uwaangalie wote walioshinda kwa haki wakaachwa peke yao. Amina.

Mama Maria, Kioo cha Haki, utuombee.